Anayesoma huku akifanya kazi apunguze kozi, asipunguze usingizi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wafanyakazi wanaojiandikisha kwa masomo ya jioni, ya mwisho wa wiki na ya masafa, kisha tuseme na waajiri wao na vyuo vinavyowapokea. Kila mwaka yanajirudia yale yale. Mtu mzima mwenye kazi na familia anaanza kwa ari kubwa, anachukua kozi zote za mwaka, anashika sapu, yaani mitihani ya marudio, analala kwa muda wa saa nne tu kila usiku ili azifidie, anakuwa mkali kazini na nyumbani, na mwaka wa pili hayupo tena. Wenzake husema hakuwa na nia. Sisi tunaofundisha na kushauri wanafunzi wa aina hii tunaona vingine: nia alikuwa nayo, hesabu ya saa ndiyo haikufanywa.

Tuifanye hapa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Ongeza mapumziko ya chakula, kama saa 5. Hapa Dar es Salaam, anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, hutumia saa 3 kwa siku barabarani, tena siku ambayo foleni imemhurumia. Kwa siku 6 ni saa 18. Usingizi wa saa 7 kila usiku ni saa 49. Kuoga, kupika, kula, kufua, watoto, ibada na kwenda kumjulia hali mgonjwa havipungui saa 4 kwa siku, yaani 28 kwa wiki. Jumla ni saa 145. Zinabaki 23, na hizo ni za kwenye karatasi. Msiba ukitokea, umeme ukikatika, mvua ikifunga barabara, bosi akikuachia kazi ya kufunga hesabu za mwezi, robo yake inapotea. Saa za kweli za kusomea ni 16 au 17.

Sasa tazama masomo yenyewe yanadai nini. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka kamili wa masomo ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200, zikijumlisha vipindi, kusoma mwenyewe, asaimenti, testi na maandalizi ya mtihani. Zitandaze kwenye wiki 40 upate saa 30 kwa wiki. Mwenye saa 17 anadaiwa 30. Tofauti ya saa 13 lazima itoke mahali, na karibu kila mtu huitoa kwenye usingizi, kwa sababu usingizi hauna mtu wa kuja kuudai.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwenye ajira ya kutwa ni nusu mzigo: krediti 60 kwa mwaka, saa 15 kwa wiki. Tunajua shahada ya miaka 3 hapo inakuwa ya miaka 6, na hakuna anayefurahi kuambiwa hivyo. Lakini anayebeba kozi zote, akafeli kadhaa, akarudia mwaka na kulipa ada mara ya pili, naye hamalizi kwa miaka 3. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya wazo hili hili, kwamba mtu asome akiwa alipo na kwa mwendo anaouweza. Programu nyingi za jioni kwingineko, kinyume chake, zina mzigo ule ule wa wanafunzi wa mchana, ila zimehamishiwa saa kumi na moja jioni mtu akiwa tayari amechoka.

Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza mambo manne. Je, ninaruhusiwa kusajili nusu ya kozi? Muda wa juu kabisa wa kumaliza ni miaka mingapi? Ada inatozwa kwa kozi au kwa mwaka? Nikiahirisha, ada niliyolipa inahamia mwaka unaofuata au inapotea? Majibu uyaone kwenye kitabu cha kanuni za chuo, usiridhike na maneno ya mdomo dirishani. Swali la nne ndilo watu husahau, na ndilo linalowafanya waendelee kujikokota wakiwa wagonjwa, wakihofia fedha yao.

Turudi kwenye usingizi, maana hapo ndipo masomo na afya ya akili vinapokutana. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafikia hapo saa nne usiku. Kurasa anazosoma saa sita usiku anazisoma akiwa katika hali hiyo au mbaya zaidi. Tena ubongo hupanga na kuhifadhi tulichojifunza tukiwa tumelala, kwa hiyo anayekesha anapoteza mara mbili: hakuelewa vizuri, na kile kidogo alichoelewa hakikutulia. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinazidisha. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua kwa nusu mwilini. Kopo lililonywewa saa mbili usiku, nusu ya kafeini yake bado inazunguka saa saba usiku.

Saa 15 zinapangika hivi: siku nne za kazi, saa moja na nusu kila siku, alfajiri au mara baada ya chakula cha jioni, Jumamosi mchana saa 5, Jumapili saa 4. Siku moja isiguswe na kitabu kabisa. Chukua kaunta buku, kila wiki ukurasa mmoja, uupige mstari katikati. Kushoto andika kazi ndogo zinazoweza kumalizika kwa kikao kimoja. Usiandike "kusoma Uhasibu", kwa sababu hiyo haina mwisho na itakufanya ujione umeshindwa kila siku. Andika "kujibu swali la 3 la pepa ya mwaka jana". Kulia andika saa ulizofanya kweli. Baada ya wiki 4 jumlisha upande wa kulia. Ikiwa hukufikia wastani wa saa 12, dondosha kozi moja kabla dirisha la kubadili usajili halijafungwa, maana likifungwa kozi hiyo itahesabiwa uisome usiisome. Hatua hii ndogo imewaokoa wanafunzi wengi kuliko mahubiri yote ya kujituma.

Namna ya kusoma nayo huongeza au hupunguza mzigo. Wengi husoma madesa, yaani nukuu za darasani, mara tano huku wakipaka rangi za kalamu, wanayazoea kwa macho, kisha kwenye chumba cha mtihani hawayakumbuki. Funga daftari, andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, halafu fungua ukaangalie ulichoacha. Ni kazi ngumu zaidi kwa dakika 20, ila inashika. Rudia siku ya pili, siku ya nne, na baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba kusoma kulikotawanywa kwa siku kadhaa hudumu kuliko kulikorundikwa siku moja, na kwa mtu mwenye kazi hii ni habari njema, kwani vipande vidogo ndivyo alivyo navyo. Kwenye daladala usijilazimishe kusoma maandishi umesimama. Rekodi maswali 10 kwa sauti yako kwenye simu, ukiacha nafasi ya sekunde chache baada ya kila swali, uyajibu kimoyomoyo njiani.

Makundi ya WhatsApp ya darasa yazimwe sauti. Yafunguliwe mara mbili kwa siku, mchana na jioni. Taarifa za testi zinapita humo, hatukatai, lakini humo humo hupita uvumi wa usiku wa manane kwamba pepa imebadilishwa, na mtu mmoja akiingiwa na hofu, watu mia wanakosa usingizi.

Wauguzi, askari wa kampuni za ulinzi na wafanyakazi wa viwandani wanaoingia kwa zamu wana hesabu yao. Baada ya zamu ya usiku lala kwanza, angalau saa 5 hadi 6, chumba kikiwa na giza, ndipo ushike kitabu. Usipange asaimenti nzito wala testi asubuhi unapotoka zamu. Wiki ya zamu za usiku iwe ya kurudia maswali mepesi. Kuandika na mahesabu yasubiri siku za mapumziko. Na atokaye zamu ya usiku asiendeshe pikipiki kwenda darasani.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowanyima wengi usingizi. Aliyewahi kukopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Juu ya hapo akaweka mkopo wa benki, kisha mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ile ya kausha damu, ili apate ada ya muhula, mwisho wa mwezi hana nauli ya kwenda darasani. Ada ya nusu mzigo, pale inapotozwa kwa kozi, hulipika kwa awamu kutoka kwenye kikoba au SACCOS. Lipa awamu ya mwisho mwezi mmoja kabla ya mitihani. Malipo ya siku ya mwisho hukwama kwenye mfumo, na mwanafunzi asiye na kibali cha mtihani hasikilizwi mlangoni.

Sasa ugonjwa wenyewe. Uchovu na sonona si kitu kimoja. Uchovu hupungua ukilala siku mbili tatu na pepa zikiisha, sonona haipungui. Angalia haya: kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kutopanda, kusoma ukurasa mmoja mara nne usishike kitu, kujilaumu kwa kila jambo, kuona mbele giza. Kwa wanaume wengi hujitokeza kama hasira, pombe, na maumivu ya kichwa au mgongo yasiyoisha. Hali hiyo ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2, nenda ukapimwe. Huna haja ya kuanzia hospitali kubwa kama Mirembe ya Dodoma wala Muhimbili. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na ukihitaji huduma zaidi utapewa rufaa. Unguja ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu. Daktari makini atakupima pia wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona.

Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya usingizi. Dawa kama diazepamu hudhoofisha kumbukumbu, na mwili huizoea haraka ukashindwa kulala bila hiyo. Dawa za sonona zenyewe huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha nafuu, kwa hiyo anayeanza dozi wiki moja kabla ya mtihani asitegemee zitamsaidia kwenye mtihani huo. Baadhi, kama amitriptilini, huleta usingizi na ndiyo maana humezwa usiku. Ukiona zinakuzubaisha asubuhi mwambie daktari abadilishe, usiziache mwenyewe ghafla. Mazungumzo na mshauri wa saikolojia nayo ni tiba kamili. Na mtu akisema amechoka kuishi au anataka kujidhuru, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asaimenti isubiri.

Hofu ya mtihani ni jambo jingine, na mara nyingi dawa yake ni mazoezi. Mtu aliyemaliza shule miaka 15 iliyopita hajakaa saa 3 akiandika kwa mkono tangu wakati huo. Moyo kwenda mbio na mkono kutetemeka si ajabu. Kila baada ya wiki 2 keti mezani na pepa ya zamani, saa mbele yako, simu chumba kingine, uandike hadi muda uishe. Mara ya kwanza hutamaliza nusu. Kufikia ya nne mwili umeshazoea.

Ukiugua, zijue haki zako. Kwa wafanyakazi wa Tanzania Bara wanaoguswa na sheria tuliyoitaja, likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unachotakiwa ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Sheria haikusema malaria ni ugonjwa na sonona si ugonjwa. Kosa linalotokea sana ni hili: mgonjwa anapeleka ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, kazini, anapumzika, na chuoni hapeleki kitu. Toa nakala mbili siku hiyo hiyo. Ya chuo ambatanisha na barua ya kuahirisha mtihani au mwaka, yenye namba yako ya usajili, kozi zinazohusika na tarehe za mitihani. Ipeleke kabla mtihani haujaanza, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu. Katika kanuni za vyuo vingi asiyetokea bila taarifa huhesabiwa ametoroka mtihani, na hapo ndipo watu wanapodisko, yaani wanapoondolewa chuoni. Mwenye barua yenye muhuri anarudi mwakani na kozi zake salama. Tumeona wanafunzi wenye akili sana wakipoteza nafasi zao kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Kwa waajiri. Sheria ya mwaka 2004 haikuweka likizo ya masomo, lakini imeweka likizo ya mwaka ya siku 28, na mwenye kupanga zitoke lini ni mwajiri. Mfanyakazi akileta ratiba ya mitihani miezi miwili kabla, mpeni siku hizo wakati huo, badala ya kumlazimisha achukue likizo mwezi ambao hana haja nayo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwemo, kwa siku zisizozidi 5 na saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki. Kwa mfanyakazi anayesoma, makubaliano hayo humwachia Jumamosi nzima. Kazi ya ziada nayo ni ya makubaliano. Asiyekubali kubaki kwa sababu ana testi asiandikwe kuwa mkaidi. Watumishi wa umma waombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kuanza chuo, si baada ya kuhitimu, kwani wanaosoma kimya kimya hupata taabu kubwa cheti kinapofika wakati wa kubadilishiwa kada.

Kwa vyuo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Ruhusuni nusu mzigo katika programu zote za jioni, na ada itozwe kwa kozi. Toeni ratiba ya mitihani angalau wiki 8 kabla na msiibadilishe ikishabandikwa, kwa sababu mwanafunzi ameshaombea likizo tarehe hizo. Na tarehe ya mwisho ya kuahirisha, pamoja na mahali pa kupeleka barua, viandikwe ukurasa wa kwanza wa ratiba hiyo, kwa herufi kubwa, juu ya jina la kozi ya kwanza.

Washauri wa wanafunzi watu wazima,
Dar es Salaam